Fimbo ya Uluguru: Mti, Mkono na Ukoo

Mwanafunzi anayesoma hekaya za Ulaya hukutana na kifimbo ambacho kikipungwa mara moja tu, boga hugeuka gari la farasi. Anayesoma vitabu vya dini amekwisha kuijua fimbo ya Nabii Musa. Lakini ni wachache, hata miongoni mwetu tuliolelewa Mkoa wa Morogoro, wawezao kueleza jinsi fimbo ya mzee wa Uluguru ilivyotengenezwa, na nguvu iliyosemwa kuwa imo ndani yake ilitoka wapi.

Tuanze na mti. Matombo iko chini ya Milima ya Uluguru, upande wa mashariki. Juu yake kuna misitu ya mvua na ukungu. Chini yake, kuelekea Mvuha na bonde la Ruvu, nchi huwa kavu, na huko ndiko unakomea mpingo. Mti huu hukua polepole mno. Hupita miaka sabini na zaidi kabla haujafaa kupasuliwa. Kiini chake cheusi ni kizito hata huzama majini, na mchwa hawakiwezi. Ule mti mweupe unaokizunguka ndio chakula chao. Basi tawi la mpingo lililoanguka likalala porini miaka mingi halipotei: wadudu hula weupe wote, wakabakiza kiini. Anayeliokota hukuta nusu ya kazi imekwisha kufanywa, na waliofanya hawadai ujira.

Nusu iliyobaki ndiyo ngumu. Mpingo mkavu hufuta makali ya tezo upesi, na fundi hutumia muda mwingi katika kunoa kama katika kuchonga. Baada ya tezo huja kisu, na baada ya kisu huja majani ya msasa, yaliyo makavu na yenye kukwaruza kama ulimi wa paka. (Karatasi ya dukani tuiitayo msasa imelirithi jina la mti huo, jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui.) Mwisho fimbo hupakwa mafuta na kusuguliwa, kisha huachiwa viganja vya mikono viikamilishe kwa miaka. Sisi wenyewe tuliwahi kujaribu kazi hii ujanani. Tulipata malengelenge, na kijiti kilichofaa kuchochea moto tu.

Katika fimbo zilizo bora, juu hukaa kichwa kilichochongwa. Wazaramo, Wakwere, Wakutu na Waluguru wote hukijua: ni umbo la mwana hiti, lenye kishungi cha nywele, kiwiliwili kisicho na mikono wala miguu, na matiti madogo mawili. Mwana hiti huyo huyo ndiye aliyepewa mwali akae naye ndani wakati wa kufundwa. Mgeni huweza kushangaa: yawaje mzee mwanamume, mwenye kusemea watu wake, ashike mkononi umbo la msichana? Mwenyeji wa Matombo hashangai. Jina lenyewe la mahali hapo, kwa Kiluguru, maana yake ni matiti, nalo lilitokana na sura ya mawe makubwa ya huko. Waluguru hufuata ukoo wa mama. Mtu hupata ukoo wake kwa mama, na kwa njia hiyo hupata mahali pa kulima; mjomba ndiye msemaji, na mpwa ndiye mrithi wa jina na cheo. Mzee ashikapo fimbo yenye mwana hiti, amewashika mama zake wote waliotangulia.

Kwa hiyo twaona tofauti kubwa kati ya fimbo hii na kile kifimbo cha hekaya. Kifimbo cha hekaya hufanya miujiza katika mkono wowote, hata wa mwizi. Fimbo ya Uluguru ikiachwa kichakani ni kuni. Mti ulitoa ugumu na fundi akatoa sura, lakini uzito wa neno la mwenye kuishika ulitoka kwa ukoo uliokubali kumsikiliza.

Serikali za kikoloni hazikuingia katika tofauti hizo. Wajerumani walikuwa wameona mwaka 1905 jinsi jina la Kolelo, mwenye pango lake katika milima hiyo, lilivyofika Uzaramo pamoja na habari kwamba kodi isilipwe tena. Waingereza nao, kwa Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo ingali vitabuni, walihesabu kuwa chombo cha uchawi kitu chochote kilichoaminiwa kuweza kudhuru, kumzuia mtu asitende jambo, au hata kuleta mabadiliko katika maumbile. Kwa maneno hayo, chombo cha kuombea mvua na chombo cha kuulia jirani viliwekwa kapu moja, katika nchi ambayo Kingalu wa Kinole alisifika kwa mvua! Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa. Hata hivyo, fikra yenyewe haikufutika: ni Mtanzania gani wa rika letu ambaye hakusikia watu wakinong'ona juu ya kifimbo cha Mwalimu Nyerere?

Fimbo nyingi za zamani sasa zimo katika nyumba za makumbusho, hapa kwetu na Ulaya. Tuliitazama mojawapo si miaka mingi iliyopita. Kibandiko chake kilitaja kabila na urefu. Tuliuliza ni ya ukoo gani, haikuandikwa. Tuliuliza ni mti gani. Kijana aliyekuwa zamu aliinama, akaitazama vizuri kupitia kioo, akatujibu kwa adabu kwamba ni mti mweusi.