UZI: Bwawa la samaki la mgeni, kibali cha mgeni, na shimo letu kule Theta

1/ Kila msimu wa siasa ukikaribia, hoja ya wageni hurudi. Upande mmoja: "Wageni wanamaliza kazi zetu, warudi kwao." Upande wa pili: "Mkiwasumbua wageni, wawekezaji watahama." Tunapigiwa makofi, tunaenda nyumbani, hakuna kilichobadilika. Mimi nasoma sayansi ya siasa, lakini hoja hii sikuielewa darasani. Niliielewa nikiwa ndani ya shimo. Tulia, uzi ni mrefu kidogo. Sitaji chama wala mwanasiasa, kwa hivyo msiniulize niko upande gani.

2/ Likizo ndefu iliyopita nilikuwa mkono wa mjengo kwa mjomba wangu, huku kwetu Theta. Kazi ilikuwa kumchimbia mgeni mmoja bwawa la samaki nyuma ya nyumba aliyopanga. Si tilapia wa kula, ni koi, wale samaki wa rangi wa Kijapani. Watu wa Niigata walianza kuwachagua na kuwazalisha kwa ajili ya rangi zao karne ya 19, na Japani yenyewe ikawatambua vizuri baada ya maonyesho ya Tokyo ya 1914. Koi hataki kidimbwi cha bata. Anataka kina cha mita moja na zaidi, chujio, na pampu inayozungusha maji usiku na mchana.

3/ Na udongo wetu mnaujua. Huu mweusi, wa kupasuka kiangazi na kuvimba mvua ikinyesha. Ukijenga bwawa la saruji bila kujipanga, ufa utakusalimia kabla samaki hajafika. Mjomba akaamua tuchimbe hadi chini, tupange mawe ya Ndarugo, kisha tutandike plastiki nzito ya bwawa. Mawe alichukua kwa mkopo. Tuliahidiwa malipo kwa awamu tatu. Awamu ya kwanza ikaja. Kisha kazi ikasimama.

4/ Kwa nini? Kibali cha kazi cha yule mgeni kilikuwa kinaisha, na mwajiri wake alikuwa amechelewa kupeleka maombi ya kukiongeza. Akatuambia kwa upole: "Siwezi kumaliza bwawa katika nchi ambayo sijui kama nitakuwa ndani yake mwezi ujao." Mjomba akamjibu, "Sawa, mzee, tutangoja." Njiani akaniambia: "Mwenye mawe yeye hatangoja."

5/ Hapo ndipo nilijiuliza swali la uzi huu. Tunabishana kila siku kuhusu wageni ni WANGAPI. Nani huwa anauliza karatasi ya mgeni imeshikwa na NANI? Ukifuata swali hilo la pili kwenye historia ya eneo hili, utashangaa linakupeleka wapi.

6/ Rudi miaka 120 hivi nyuma. Mgeni maarufu kuliko wote pande za Juja alikuwa tajiri Mmarekani aliyekuwa na shamba la maelfu ya ekari. Rais mstaafu wa Marekani alikuja kuwinda 1909 na akakaa kwake. Maktaba yenye jina lake bado iko katikati ya Nairobi. Jina silitaji kwa sababu aliwahi kuketi kwenye baraza la kutunga sheria, na nimeahidi kutotaja wanasiasa. Huyo hakuwa na haja ya kibali kama tunachokijua leo. Zaidi ya hapo, sheria ya ardhi ya 1915 iliwaruhusu walowezi kukodishiwa ardhi kwa miaka 999. Ndiyo, umesoma vizuri, mia tisa tisini na tisa.

7/ Sasa, nani alitakiwa kuwa na karatasi? Mwenyeji. Mwaka huohuo wa 1915 ilipitishwa sheria ya kuandikisha wenyeji, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alibeba kipande, ndani ya kibweta cha chuma kilichoning'inia shingoni. Kipande kilikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara. Jambo la kushika hapa: ukitaka kuacha kazi, mwajiri alipaswa kukiandika kwamba amekuachilia. Ukiondoka bila hilo, wewe ni mtoro, na polisi watakutafuta.

8/ Soma tena hiyo ya mwisho. Ubaya wa kipande haukuwa karatasi yenyewe. Ubaya ni kwamba kalamu ilikuwa mkononi mwa mwajiri. Mashamba ya kahawa ya Ruiru na ya mkonge ya Thika yalipata vibarua wa mshahara mdogo kwa sababu kibarua hakuweza kwenda kutafuta bosi mwingine kirahisi.

9/ Mwaka 1947 ikaja sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote. Wazungu wengi walilalamika vikali: ati wao nao wapigwe alama za vidole kama wahalifu! Waafrika walikuwa wamepigwa alama hizo karibu miaka 30. Hivyo ukisikia mtu anasema kitambulisho ni jambo la kawaida tu, halina siasa, mwonyeshe ukurasa huu wa historia.

10/ Uhuru ukaja 1963, na swali likageuka: sasa mgeni ni nani? Wakazi ambao hawakupata uraia moja kwa moja walipewa miaka miwili kuuomba. Wengi wa asili ya Asia hawakuomba, walibaki na pasi za Uingereza. Mwaka 1967 Bunge likapitisha sheria mbili kwa pamoja: ya uhamiaji, iliyoleta vibali vya kazi kwa wasio raia, na ya leseni za biashara, iliyowazuia kuuza bidhaa fulani na kufanya biashara sehemu fulani za miji.

11/ Tuwe wakweli, lengo halikuwa baya. Mkoloni alikuwa ameziba milango ya biashara kwa Mwafrika kwa miongo mingi, na serikali yoyote mpya ingetaka kuifungua. Lakini angalia ilivyogonga. Mwenye kiwanda na wakili mzuri alipata njia. Mwenye duka dogo, karani na fundi cherehani walipanga foleni uwanja wa ndege. Uingereza nayo ikaogopa, ikapitisha sheria ya kuwazuia kwa siku chache tu, ikaanza kutumika Machi 1968. Watu wenye pasi ya Uingereza wakakataliwa na Uingereza! Sensa ya 1962 ilihesabu watu wa asili ya Asia takriban 176,000 nchini. Ya 1969 ilihesabu takriban 139,000.

12/ Turuke hadi sheria tunayotumia leo, ile ya Uraia na Uhamiaji ya 2011. Hapa wengi huchanganya mambo, kwa hivyo polepole. Viza ilikuwa ruhusa ya kuingia. Tangu Januari 2024 nafasi yake imechukuliwa na idhini ya kusafiri inayoombwa mtandaoni. Hiyo haikupi kazi. Kazi inataka kibali, na vibali vina herufi. Daraja D ni la mwajiriwa. Daraja G ni la mfanyabiashara, na mtaji unaotakiwa ni dola 100,000 za Marekani. Daraja K ni la mtu wa zaidi ya miaka 35 mwenye kipato chake cha uhakika, ambaye hatatafuta kazi hapa. Daraja M ni la mkimbizi. Ukisikia mtu jukwaani anasema "wageni" kwa jumla, muulize: wa herufi gani?

13/ Hata ardhi ina mpaka wake. Ile miaka 999 imekwisha. Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 kinasema asiye raia anaweza tu kukodi ardhi, kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa hivyo ile hofu ya "wageni wamenunua Kiambu yote milele" haina mguu kisheria. Hofu ya mgeni kutumia jina la Mkenya kama pazia, hiyo ni halali. Ila hapo mwenye kosa ni wawili, na mmoja wao ni jirani yako.

14/ Sasa rudi kwa daraja D, la mgeni wetu wa bwawa. Anayeomba ni mwajiri. Mwajiri ndiye anayeeleza kwamba ujuzi huo haupatikani kirahisi nchini, na anaulizwa ni Mkenya gani anafunzwa ili aje kuchukua nafasi hiyo. Swali zuri sana! Lakini kibali kinafungwa kwa mwajiri huyo na kazi hiyo. Akichelewa, mgeni ananing'inia. Akigombana na bosi, kibali kinatikisika. Sisemi ni sawa na kipande: mgeni huyu alipanda ndege kwa hiari yake na mshahara wake unamzidi mjomba mara nyingi. Nasema kalamu imerudi mkononi mwa yuleyule, mwajiri.

15/ "Wewe unatetea wageni." La. Sikia ya wafanyabiashara pia. Mwanzoni mwa 2023 duka kubwa la Mchina lilifunguliwa Kahawa, kando ya Thika Road, bei zake zikawa chini kiasi kwamba watu walipanga foleni. Wenye maduka wa Nairobi wakaandamana, na walikuwa na hoja: mtu anayetoa mzigo kiwandani kwao moja kwa moja si mshindani wa kawaida kwa mama mwenye kibanda. Duka likafungwa kwa muda, kisha likafunguliwa tena. Katikati, kiongozi mmoja serikalini alitaka liondoke, mwingine akasema kila mwekezaji anakaribishwa. Midomo miwili, serikali moja. Mteja hakujua, mwenye kibanda hakujua, na mwenye duka hakujua.

16/ Hiyo ndiyo hasara ambayo haitajwi kwenye mijadala. Mgeni hapotezi usingizi kwa sababu sheria ni kali. Anapoteza usingizi sheria inapobadilika kulingana na nani ameshika maikrofoni. Na mwenyeji vilevile.

17/ Kama bado unaona hoja hii ni ya "wao", vuka mpaka. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara fulani 15, zikiwemo huduma za kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu, saluni, na kununua mazao shambani. Wakenya tulipiga kelele mitandaoni: mbona majirani, mbona Itifaki ya Soko la Pamoja ya 2010? Haki yetu kulalamika. Lakini sababu iliyotolewa kule, kulinda raia mdogo, ndiyo ileile tuliyoitoa sisi 1967. Na biashara zilizoguswa nyingi ni za mtu mdogo. Mabenki ya Kenya yaliyoko Dar es Salaam hayakuwa kwenye orodha.

18/ Halafu vuka bahari. Dada zetu wangapi wameenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani? Kule kuna kafala: ukaazi wako umefungwa kwa kafili, yaani bosi wako. Saudi Arabia ililegeza mambo Machi 2021, wafanyakazi wengi wakaruhusiwa kubadilisha mwajiri, lakini wa nyumbani waliachwa nje ya mageuzi yale. Tunapolia kwamba dada yetu hawezi kutoka kwa bosi mbaya, tunalilia jambo lilelile: kalamu iko mkononi mwa mwajiri. Babu alilijua akiwa na kibweta shingoni.

19/ Kwa hivyo mwanasiasa akija kwenu na wimbo wa wageni, wa kuwafukuza au wa kuwakumbatia, mpe maswali matatu. Moja: kibali kikikwama, mwombaji anajibiwa baada ya siku ngapi, na nani anawajibika? Mbili: yule Mkenya anayefunzwa ili achukue nafasi ya mgeni, nani hukagua kama kweli anafunzwa? Tatu: sheria unayotaka kuwawekea wageni hapa, ungekubali dada yako awekewe huko Riyadh au Dar? Akijibu yote matatu bila kukutajia kabila, dini wala mpinzani wake, huyo msikilize.

20/ Na bwawa? Kibali kilitoka mwezi wa tano tangu kazi isimame. Mvua ilikuwa imepita, ukuta mmoja wa udongo ulikuwa umelala chini. Mgeni alilipa awamu zilizobaki, kwa heshima, lakini kuchimba mara ya pili hakukuwa kwenye makubaliano. Kulikula kwetu. Mjomba alikuwa tayari ameuza wilbaro yake ili amtulize mwenye mawe.

21/ Juzi nilipita pale. Koi sita, wekundu na weupe, wanazunguka kama hawana habari. Hakuna mtu kwenye mdahalo wowote atakayemtaja mjomba wangu. Yeye si mgeni, si mwekezaji, hana kibali cha kuongezwa. Lakini karatasi ya mtu mwingine ilimkalisha miezi mitano bila kazi. Mkihesabu wanaoguswa na sheria za wageni, mhesabuni na yeye.

Mwisho wa uzi. Pinga kwa hoja, si kwa matusi. Na kama unamjua mtu anayehitaji fundi wa mabwawa Theta, Ruiru au Thika, niandikie. Wilbaro tutaazima.