Nyumba ya Maneno: Kutoka Karimjee hadi Dodoma

Ukitoka hapa Ilula kwa barabara kuu kuelekea Iringa mjini, utapita Lugalo. Mahali hapo, tarehe 17 Agosti 1891, mashujaa wa Mtwa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Wajerumani, na kamanda wake, Emil von Zelewski, akafia hapo. Enzi za ualimu wangu niliwapeleka wanafunzi kuuona mnara wa kumbukumbu, kisha nikawauliza swali ambalo halikuwamo katika muhtasari wa somo: je, njia ya kutoka Lugalo hadi bungeni inapita wapi?

Jibu lilikuwa katika ukoo mmoja. Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe akiwa hai, na kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mwaka 1954 Gavana Edward Twining alilirejesha Kalenga fuvu lililotambuliwa kuwa lake, akalikabidhi kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Mwaka 1962 mjukuu huyohuyo alikalia kiti cha Spika, Mwafrika wa kwanza kukikalia. Babu alipigana kwa mkuki; mjukuu akawa mwamuzi wa wanaopigana kwa ndimi.

Ukumbi alioingia Adam Sapi ulikuwa Karimjee, Dar es Salaam. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilikuwa limeanza mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, na kwa miaka 19 halikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja. Mwaka 1945 ndipo walipoteuliwa Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali. Jengo lenyewe lilitolewa zawadi na ukoo wa Karimjee, na mmoja wao, Abdulkarim Karimjee, ndiye aliyekuwa Spika kabla ya Adam Sapi. Mwalimu Julius Nyerere aliteuliwa kuwa mjumbe mwaka 1957, akajiuzulu mwaka huohuo alipoona kwamba serikali ya kikoloni haikuwa tayari kusikiliza.

Lakini ukumbi ule ulikuwa na ukuta mwingine, mnene kuliko wa mawe. Lugha ya baraza ilikuwa Kiingereza. Mwananchi aliyesimama mlangoni angeweza kuwaona wajumbe, asiwasikie.

Ukuta huo ulianza kubomoka tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya kuzaliwa kwa Jamhuri, Rais Nyerere alipolihutubia Bunge kwa Kiswahili. Sisi wapenzi wa ushairi hatuwezi kuukumbuka mwaka ule bila majonzi. Shaaban Robert alifariki dunia mwezi Juni 1962. Nusu mwaka tu ndiyo iliyomkosesha kuiona lugha aliyoitumikia maisha yake yote ikiingia bungeni kwa mlango wa mbele. Hata hivyo, malenga mwingine alikuwapo. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyetupatia mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi, aliteuliwa mwaka 1963 kuwa Waziri wa Sheria. Sijui taifa jingine lililompa dhamana ya sheria za nchi mtu aliyekwisha kuandika sheria za vina na mizani.

Kiswahili kilipoingia, hakikuingia mikono mitupu. Chukua neno siwa. Kwa watu wa pwani, siwa ni baragumu kubwa ya heshima. Ya Pate ni ya pembe ya ndovu, na ya Lamu ni ya shaba. Ilipulizwa katika shughuli za watawala na za koo kubwa. Leo siwa ni rungu la mamlaka linalotangulia mbele ya Spika. Fimbo ya desturi ya Kiingereza ikapewa jina la pembe ya Waswahili! Neno muswada nalo lina asili ya Kiarabu, likiwa na maana ya andiko ambalo bado halijakamilika. Jina lenyewe linamkumbusha mbunge kwamba alichoshika kinaweza kurekebishwa.

Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma. Bunge lilihamia huko mwaka 1996, likatumia ukumbi ambao sasa unaitwa wa Msekwa, kwa jina la Spika Pius Msekwa, hadi ukumbi mpya ulipofunguliwa mwaka 2006. Nilipoliona paa lake la mviringo nilikumbuka msonge, ingawa nyumba ya asili ya Wagogo, kama ya sisi Wahehe, ni tembe. Kiti cha ukumbi huo kimekaliwa na Anne Makinda wa Njombe, mwanamke wa kwanza kuwa Spika, kuanzia 2010. Na kuanzia 2022 na Tulia Ackson, wakati huo Mbunge wa Mbeya Mjini. Nyanda za Juu Kusini hazina sababu ya kulalamika.

Ila jirani yangu alikuwa nayo. Alikuwa mkulima wa nyanya, na alikuwa na mgogoro wa mpaka wa shamba. Jioni moja alibisha hodi, tukaamkiana kamwene, akatoa mfukoni nakala ya sheria aliyopewa. Ilikuwa ya Kiingereza, kurasa kwa kurasa. Nilikesha nikimfasiria kwa taa ya chemli, nikijua kwamba nikikosea neno moja, yeye ndiye atakayepoteza ardhi. Alfajiri akaniuliza: "Mwalimu, wabunge tunawatuma wenyewe, na redioni wanasema Kiswahili. Mbona wakiandika wanatuficha?"

Sikuwa na jibu. Kwa karibu miaka sitini Bunge letu lilijadili kwa Kiswahili, na likatunga sheria zake kwa Kiingereza. Mwaka 2021 ndipo lilipopitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Jirani yangu alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki.

Kwa hiyo, ndugu zangu malenga, kazi haijaisha. Sheria nyingi za zamani ziliandikwa kwa Kiingereza, na tafsiri yenye mafundo ni kufuli jingine tu. Mtu aliyezoea kupima mizani anajua neno lipi linabeba na lipi linaning'inia tu. Ujuzi huo tusiumalizie katika mashairi ya harusi na ya mapenzi. Tuupeleke kwenye miswada, tuwasaidie wafasiri na kuwakosoa kwa adabu, ili mkulima wa Ilula akishika sheria ya nchi yake, aisome mwenyewe, mchana, bila kumwamsha mwalimu.