Mtoto anayeandika hadithi za kuigiza na wenzake mtandaoni: mambo ya kujua kwa mama na mlezi

Uigizaji wa maandishi ni mchezo ambao watu wawili au zaidi hutunga hadithi moja kwa pamoja. Kila mmoja hubuni mhusika wake na kumpa jina, umri, sura na tabia. Kisha huandika kwa zamu. Mmoja anaeleza mhusika wake amefanya nini, mwenzake anajibu kupitia mhusika wake, na hadithi inasonga mbele.

Ukimwona mtoto wako anaandika kwenye simu kwa saa nyingi na anasema hachati bali "anaandika hadithi", huenda anasema kweli. Makala hii inakueleza mchezo huu unavyokwenda, faida zake, hatari zake na namna ya kumlinda mtoto bila kumfanya akufiche mambo.

Mchezo huu ulitoka wapi?

Watoto wamekuwa wakiigiza tangu zamani. Wengi wetu tulicheza baba na mama, au kalongolongo. Mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons ulichapishwa Marekani mwaka 1974, na mwaka 1978 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, walianza kutengeneza programu ya kucheza kwa maandishi kupitia kompyuta. Siku hizi watoto hukutana kwenye Discord, Telegram, au makundi ya WhatsApp.

Tofauti kubwa ni hii: wenzako wa kalongolongo walikuwa watoto wa mtaa wenu, na mama zao walifahamiana. Mtandaoni, anayejiita msichana wa miaka 15 anaweza kuwa msichana kweli, au mwanamume mtu mzima. Discord inataka mtumiaji awe na umri wa angalau miaka 13, lakini mtoto anaweza kudanganya umri wake, na mtu mzima vilevile.

Mtoto anapata faida gani?

Anajizoeza kuandika na kusoma kila siku bila kusukumwa. Anajifunza kusubiri zamu yake na kufikiria jinsi mtu mwingine anavyojisikia. Kwa mtoto mwenye aibu, au anayekaa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa au ulemavu, kundi zuri linaweza kumpa marafiki.

Makundi mazuri pia yana kanuni. Moja inayofahamika sana ni kwamba huruhusiwi kumwendesha mhusika wa mwenzako bila ridhaa yake. Huwezi kuandika kwamba umempiga, umembusu au umemuua. Unaandika ulichojaribu kufanya, kisha mwenzako anaamua. Ni somo zuri la kuheshimu ridhaa ya mwingine.

Mhusika ni mmoja, mtoto ni mwingine

Hili ndilo jambo kubwa la kuelewa. Wachezaji hutenganisha maneno ya mhusika na maneno yao wenyewe. Ukiona herufi IC, maana yake anayesema ni mhusika. Ukiona OOC, au maneno yaliyo ndani ya mabano mawili, anayesema ni mtu mwenyewe.

Hatari nyingi huanza pale mpaka huu unapovukwa. Mhusika akiulizwa anaishi wapi, hiyo ni hadithi. Mtoto akiulizwa anasoma shule gani, hiyo si hadithi tena. Mtu mwenye nia mbaya hupenda kuchanganya mambo haya mawili. Huanza na mapenzi kati ya wahusika, halafu humvuta mtoto kwenye ujumbe wa faragha, kisha huomba picha ya mtoto mwenyewe. Mtoto akikataa, huambiwa, "Ni mchezo tu."

Hata bila mtu mbaya, hisia za mhusika zinaweza kumwingia mtoto. Mhusika akiachwa au akifa, mtoto anaweza kulia kweli. Usimcheke. Msaidie kurudi kwenye maisha yake: ale, atoke nje, azungumze na mtu wa nyumbani.

Dalili za kuangalia

- Anaficha simu ghafla au anahama chumba kila ujumbe unapoingia.
- Anaandika usiku wa manane na kusinzia darasani. Mtoto wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10; wa miaka 6 hadi 12, saa 9 hadi 12.
- Ana zawadi, vocha au pesa asizoweza kueleza zimetoka wapi.
- Ana rafiki mmoja wa mtandaoni anayemtaka asimwambie mtu yeyote.
- Amebeba mzigo wa mwenzake anayetishia kujiua. Mtoto hawezi kubeba jambo hilo peke yake, na si kosa lake.
- Anaandika mara kwa mara kuhusu kujiumiza au kutamani kufa. Muulize waziwazi kama na yeye anajisikia hivyo. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani.

Zungumza naye hivi

Anza na hadithi. "Mhusika wako anaitwa nani? Sasa hivi yuko wapi?" Mtoto akiona unapenda kusikia, atakueleza mengi. Ndipo uulize: "Wenzako unawafahamu? Nani anasimamia kundi? Kuna mtu aliyewahi kukuuliza mambo yako wewe, si ya mhusika?"

Kisha mkubaliane:

- Jina halisi, shule, mtaa, namba ya simu na picha haviingii kwenye mchezo.
- Mambo ya ngono hayaandikwi, hata kama ni ya wahusika.
- Akichukizwa na tukio, ana haki ya kuacha kuandika wakati wowote, bila kuomba msamaha.
- Haendi kukutana na mtu wa mtandaoni bila wewe kujua.
- Usiku simu inalala nje ya chumba chake.

Akikwambia jambo baya limetokea

1. Vuta pumzi. Mwambie, "Umefanya vizuri kuniambia." Ukimpiga au kumnyang'anya simu kwa hasira, safari nyingine hatakwambia, na anayemtishia anategemea ukimya huo.
2. Asilipe pesa wala asitume picha nyingine. Anayetishia akipewa kimoja, huja kudai kingine.
3. Usifute mazungumzo. Piga picha za skrini zinazoonyesha jina la akaunti na tarehe, kisha mzuie mtu huyo. Lakini kama kuna picha za utupu za mtoto, usizinakili wala kumtumia mtu yeyote, hata ndugu. Kuzisambaza ni kosa la jinai. Waonyeshe polisi kwenye simu hiyohiyo.
4. Toa taarifa kwa wasimamizi wa kundi na kwa mtandao wenyewe.
5. Piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto nchini Tanzania na Kenya. Unaweza pia kwenda kituo cha polisi na kuomba kuonana na Dawati la Jinsia na Watoto.

Mtoto akisema anataka kujiua, au akiwa amejiumiza, usimwache peke yake. Weka mbali dawa, sumu na vitu vyenye makali, na mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kumbuka

Mchezo wenyewe si ugonjwa wala si uhuni. Kumfungia kabisa kunaweza kumfanya aendelee kwa simu ya rafiki, mahali ambapo humwoni. Mtoto anayejua kwamba mama, shangazi au bibi yake anamfahamu mhusika wake kwa jina ana mtu wa kumkimbilia hadithi inapogeuka.