Kodi ya ngao

Wadau, jana nimekesha maktaba na kodi moja tu, ile ya ngao. Uingereza ya kale, bwana aliyepewa ardhi na mfalme alidaiwa kumpelekea wapiganaji wa farasi. Hapeleki? Alipe, mfalme akodi askari. Mwaka 1159 Henry II alitoza marki 2 kwa kila mpiganaji (marki ni theluthi mbili za pauni). Hapo mi sioni ubaya.

Balaa ni mwanawe, John. Mara 11 ndani ya miaka 17, jamani! Ya 1214, ya vita vya Ufaransa, ikafika marki 3. Mabwana wa kaskazini wakagoma, na vita vyenyewe akashindwa. Ndo maana Magna Carta ya 1215, kipengele cha 12, ikamkataza kuitoza bila baraza la ufalme kukubali. Mwaka 1216 ikatolewa upya, kipengele hicho hakimo! Na sisi semina nzima tulikuwa tunakisifia.