Viungo vya Pai ya Boga na Karafuu za Unguja

Katika nchi ya Marekani, majira ya kupukutika majani yaingiapo, baina ya Septemba na Novemba, watu huoka keki na pai kwa unga wa viungo ulio maalumu kwa wakati huo. Unga huo huitwa kwa jina la boga, ijapokuwa boga lenyewe halimo. Aghalabu husemwa kwamba mchanganyiko huu umerithiwa vivi hivi tangu zama za walowezi wa kwanza. Maneno hayo hayakubaliani na maandishi.

Mwaka 1796 Amelia Simmons alipiga chapa mjini Hartford, Connecticut, kitabu chake American Cookery. Humo mna namna mbili za pudingi ya boga iliyookwa ndani ya kinyunya. Ya kwanza yatiwa basbasi, kungumanga na tangawizi. Ya pili yatiwa tangawizi na tunda kavu la mti wa Jamaica, lile ambalo Waingereza waliliita “viungo vyote” kwa kuwa harufu yake moja hufanana na harufu za viungo vingi pamoja. Mdalasini haumo katika hizo mbili, wala karafuu. Na leo mdalasini ndio uzidio vyote kwa kipimo.

Karafuu kwa muda mrefu zilitoka katika visiwa vya Maluku. Waholanzi walizihodhi, hata wakang'oa mikarafuu ya visiwa vingine ili bei isishuke. Pierre Poivre, Mfaransa, alipata miche iliyofika Mauritius mwaka 1770, na mapema katika karne ya 19 mikarafuu ilikuwa imekwisha pandwa Unguja. Seyyid Said alifanya mkataba na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, akawa konseli wao wa kwanza Unguja. Merikebu za Salem zilileta nguo za pamba, ndizo merikani, zikarudi na pembe, sandarusi na karafuu. Mashamba yalilimwa na watumwa waliotolewa bara. Mavuno yakazidi hata bei ikaanguka. Mwandishi wa mapishi hana haja ya kulitaja jambo hili, lakini mwanahistoria anayo, maana urahisi wa karafuu ulitokana na kazi isiyolipwa. Utumwa haukuondolewa katika sheria za Unguja na Pemba mpaka mwaka 1897.

Katika nyumba, kila mpishi alisaga na kupima kwa mkono wake. Mwaka 1934 kampuni ya McCormick ya Baltimore ilianza kuuza mchanganyiko uliokwisha tengenezwa, na tangu hapo kopo likawa ndilo mizani. Hata hivyo wengi hujichanganyia. Kipimo kimoja kijulikanacho ni vijiko vidogo 9 vya mdalasini, 2 vya tangawizi, 2 vya kungumanga, 1 na nusu cha karafuu na 1 na nusu cha tunda la Jamaica. Kungumanga yafaa iparuzwe wakati ule ule, kwani ikikaa hali imeparuzwa hupoteza harufu upesi. Karafuu nayo huwekwa chache kwa sababu mafuta yake, yaitwayo eujenoli, hutia ganzi ulimini na kufunika ladha nyingine. Mafuta hayo hayo yamo katika tunda la Jamaica, na ndiyo maana mpishi aliyekosa kimoja huweza kutia kingine bila mlaji kutambua sana.

Kwa majina, biashara hiyo iliacha alama upande mmoja tu. Waswahili waliita nguo merikani kwa ajili ya walioileta. Waamerika hawakuchukua neno lolote la Unguja kwa karafuu walizozinunua. Walibaki na jina la Kiingereza litokanalo na neno la Kifaransa la msumari, kwa umbo lake, na Waswahili wakabaki na karafuu, litokalo katika Kiarabu.