Lovely Runner: Tamthilia ya Korea inayorudisha saa nyuma kumwokoa mwimbaji

LOVELY RUNNER ni tamthilia ya runinga ya Korea Kusini yenye vipindi 16, iliyoonyeshwa na kituo cha tvN kila Jumatatu na Jumanne usiku, kuanzia Aprili 8 hadi Mei 28, 2024. Ni kisa cha mapenzi kilichochanganywa na vichekesho na mazingaombwe. Mhimili wake ni mwimbaji mashuhuri, na shabiki anayerudi miaka 15 nyuma ili kumzuia asife.

Jina hilo la Kiingereza halitoi maana yote. Kwa Kikorea tamthilia inaitwa kwa maneno yenye maana ya kumbeba Sun-jae mgongoni na kutoka mbio. Kitenzi kilichotumika ni kile kile wanachotumia Wakorea kwa mama aliyembeba mtoto mgongoni, jambo ambalo msomaji anayeijua mbeleko hahitaji kuelezwa zaidi. Hadithi yenyewe imetokana na riwaya ya mtandaoni ya mwandishi anayejiita Kim Bbang, ikaandikwa upya kwa ajili ya runinga na Lee Si-eun. Yoon Jong-ho na Kim Tae-yeop ndio walioiongoza.

Im Sol, anayeigizwa na Kim Hye-yoon, alipoteza uwezo wa kutembea kutokana na ajali iliyompata akiwa mwanafunzi. Akiwa kitandani hospitalini, tena amekata tamaa ya kuishi, anapigiwa simu na kipindi cha redio. Anayezungumza upande wa pili ni Ryu Sun-jae, kijana wa kundi jipya la muziki liitwalo Eclipse, naye anamfariji. Tangu siku hiyo Sol anakuwa shabiki wake. Miaka inapita, Sun-jae anapata umaarufu, na usiku mmoja wa theluji wawili hao wanakutana kwa dakika chache darajani. Usiku huo huo, Januari 1, 2023 inapoingia, mwimbaji anafariki.

Sol anabaki na saa ya mkononi aliyoinunua mnadani, iliyokuwa mali ya Sun-jae. Anapoibonyeza usiku wa manane, anajikuta katika mwaka 2008, akiwa na miguu yake mizima na sare ya shule. Sun-jae, anayeigizwa na Byeon Woo-seok, bado ni mwogeleaji wa shule jirani. Vichekesho vinaanzia hapo. Mwanamke aliyepita miaka 30 amerejea katika mwili wa msichana, anamkumbatia kijana asiyemfahamu huku akibubujikwa machozi, naye kijana anaduwaa asijue la kufanya. Mtazamaji anachogundua baadaye ni kwamba Sun-jae ndiye aliyetangulia kumpenda Sol, kabla ya redio na kabla ya sifa.

Mwandishi ameweka sharti moja ambalo ndilo uti wa mgongo wa hadithi: Sol hawezi kumweleza Sun-jae yatakayotokea. Kila anapojaribu, wakati unasimama na maneno yanamgandia kinywani. Kwa hiyo hana budi kumwokoa mtu bila kumwambia anaokolewa na nini. Saa nayo haitumiki bila kikomo. Hatimaye Sol anaamua kurudi hadi kabla ya siku waliyokutana, ahakikishe hawakutani kamwe, ili kijana huyo aishi maisha ambayo yeye hayumo. Uamuzi huo, kwa maoni yangu, ndio unaoipandisha tamthilia hii juu ya nyingi za aina yake.

Ili msomaji wa Sangailu aone umbali wa safari hiyo, na akumbuke mwaka 2008 ulivyokuwa kwake. Sangailu, ambayo leo ni wadi ya eneobunge la Ijara katika kaunti ya Garissa, ilikuwa bado chini ya mkoa wa Kaskazini Mashariki, na serikali za kaunti hazikuwapo. M-Pesa ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kwani ilizinduliwa Machi 2007.

Kwa wanamuziki wa Korea mwaka huo una uzito mwingine, ingawa tamthilia haiutaji. Mfumo wa kule ni wa kampuni kumchukua kijana akiwa mdogo, kumfunza kuimba na kucheza ngoma kwa miaka kadhaa, kisha kumtoa hadharani katika kundi. Julai 2009, vijana watatu wa kundi la TVXQ waliishtaki kampuni yao, SM Entertainment, wakipinga mkataba wa miaka 13. Mwaka huo huo tume ya serikali inayosimamia biashara ya haki ilitoa mkataba wa mfano uliowekea kipindi hicho kikomo cha miaka 7. Sol, basi, anarejea wakati ambapo kijana aliyetia sahihi hakuwa na kinga hata hiyo.

Wala vifo vya waimbaji si jambo la kubuniwa. Kim Jong-hyun wa kundi la SHINee alifariki Desemba 2017 akiwa na miaka 27. Sulli alifuata Oktoba 2019 akiwa na miaka 25, na rafiki yake Goo Hara Novemba mwaka huo. Moonbin wa kundi la Astro alifariki Aprili 2023, mwaka mmoja kabla ya Lovely Runner kuanza. Watazamaji wa Korea walikuwa na majina hayo akilini walipomwona Sol akilia mbele ya habari za kifo cha Sun-jae.

Hapo ndipo nina lawama. Vipindi vya mwanzo vinatuonyesha mwimbaji aliyechoka, asiyepata usingizi, anayefikiria kuacha kazi. Lakini kadiri hadithi inavyosonga, hatari inahamishiwa kwa dereva wa teksi mwenye kuteka nyara na kuua. Mhalifu akishaondoka, tatizo limeondoka. Uchovu ule wa mwanzo hauulizwi tena umetoka wapi wala nani aliyefaidika nao.

Kwa hesabu za kawaida za runinga, tamthilia hii haikutia fora: ilianza na asilimia 3.1 ya watazamaji na kufikia 5.8 kipindi cha mwisho. Nguvu yake ilikuwa kwenye intaneti. Wimbo wa kundi la kubuniwa la Eclipse, Sudden Shower, ulioimbwa na Byeon mwenyewe, uliingia katika chati halisi za muziki za Korea. Kipindi cha mwisho kilionyeshwa hata katika jumba la sinema, waigizaji wakiketi pamoja na mashabiki.

Afrika Mashariki ilizijua tamthilia za Korea mapema kupitia Jumong ya mwaka 2006, iliyopendwa mno Tanzania, nchi ambayo watafsiri wa filamu kama Lufufu walikuwa wameshawazoesha watu kusikia picha za kigeni zikisimuliwa kwa Kiswahili. Lovely Runner inamfikia mtazamaji kwa njia nyingine, katika tovuti ya Viki na maandishi chini ya picha. Aliyelelewa kwa Kisomali na kusomeshwa kwa Kiswahili atajikuta akisikiliza Kikorea huku akisoma Kiingereza, na mizaha mingi itampita.

Anayetaka kisa cha karibu na hiki atazame The Heavenly Idol ya mwaka 2023, ambamo kuhani mkuu wa ulimwengu mwingine anajikuta katika mwili wa mwimbaji wa kundi lisilo na mbele wala nyuma. Hiyo inachekesha zaidi na inaumiza kidogo.

Byeon Woo-seok naye aligeuka kuwa kile alichokuwa akikiigiza. Julai 2024, katika uwanja wa ndege wa Incheon, walinzi wake binafsi waliwamulika abiria wengine kwa tochi na kuwazuia wasipite, ili yeye asisongwe na umati. Kampuni inayomsimamia ililazimika kuomba radhi.