Bunduki za Mitutu Miwili za Kiingereza katika Bonde la Kilombero

Bunduki ya marisawa ya Kiingereza, yenye mitutu miwili iliyolazwa ubavu kwa ubavu, ilibuniwa kwa ajili ya kuwinda ndege katika mashamba ya matajiri wa Uingereza. Katika bonde la Kilombero ilikuta kazi nyingine: kanga na bata wa mbugani, nguruwe pori waliovamia mpunga, na mara nyingine mnyama mkubwa kuliko aliyewahi kufikiriwa na fundi wa Birmingham. Bunduki hizo husomeka kwa alama zilizogongwa kwenye chuma chake, na umri wake hujulikana humo zaidi kuliko kwa maelezo ya mwenye nayo.

Kabla yake bonde lilijua gobore, bunduki ya kushindiliwa baruti mdomoni, iliyofika kwa misafara ya pembe za ndovu kutoka pwani. Biashara ya bunduki ilikuwa kubwa mno. Mwaka 1888 Euan-Smith, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, alikadiria kuwa bunduki 80,000 hadi 100,000 zilikuwa zikiingia kila mwaka katika sehemu hii ya Afrika. Mkataba wa Brussels wa 1890 ukapiga marufuku silaha za kisasa katika eneo kubwa la bara, ukiacha mlango kwa watu binafsi wenye dhamana na wasafiri wenye cheti. Hivyo mwenyeji alibakiwa na gobore, huku bunduki ya kujazwa nyuma ikawa mali ya ofisa, mmisionari, mlowezi na mwindaji wa kigeni. Pengo hilo lilionekana wazi tarehe 30 Agosti 1905, Wapogoro na Wambunga walipolishambulia boma la Wajerumani la Mahenge katika Vita vya Maji Maji, wakakutana na bunduki za rashasha.

Baadaye, chini ya utawala wa Waingereza, Charles Swynnerton aliteuliwa mwaka 1919 kuongoza idara mpya ya wanyamapori ya Tanganyika. Kulinda mazao dhidi ya tembo ikawa moja ya kazi kubwa za idara hiyo. Wenyeji nao walikuwa na utaalamu wao wa zamani: mwaka 1926 A. G. O. Hodgson alichapisha maelezo kuhusu mila za uwindaji za Wandamba wa bonde hili. Wakati huo bunduki ya mitutu miwili ilikwisha kupata umbo ambalo halijabadilika sana hadi leo.

Umbo hilo lilitokana na mageuzi ya miaka michache. Bunduki za awali za kujazwa nyuma zilikuwa na nyundo mbili zinazoonekana nje. Mwaka 1875 Anson na Deeley, wa kampuni ya Westley Richards mjini Birmingham, walisajili mtambo ulioficha nyundo ndani ya mwili wa bunduki na kujikoki wenyewe mitutu inapokunjwa. Ulikuwa na vipande vichache, imara na rahisi kutengeneza. Mwaka 1880 Frederick Beesley alisajili mtambo wa mabamba ya pembeni ambao kampuni ya Purdey ya London inautumia hadi sasa. Kuitofautisha mitambo hii miwili si kazi ngumu: mtambo wa London una bamba refu lililozama ndani ya mbao ya mjozi kila upande, ilhali wa Anson na Deeley unaishia kwenye mwili mfupi wa chuma. Wakusanyaji huitukuza bunduki ya London, na kwa ufundi inastahili. Lakini kwa historia ya bonde hili, bunduki ya kawaida ya Birmingham ina uzito zaidi, maana ndiyo iliyojengwa kwa bei ya mtumishi na mkulima.

Jina lililochorwa ubavuni lisiaminiwe upesi. Birmingham iliuza bunduki nyingi zikiwa na majina ya wenye maduka, na Nairobi kulikuwa na wauzaji kama Charles A. Heyer na Shaw & Hunter. Ushahidi wenye nguvu uko chini ya mitutu. Kwanza huhakikishwa kuwa vyumba vya risasi ni vitupu. Kisha kipande cha mbao cha mbele hutolewa, bunduki hukunjwa, mitutu hung'olewa, na mafuta meusi hufutwa kwenye sehemu bapa. Hapo huonekana mataji madogo, yaani alama za nyumba za upimaji zilizojaribu mitutu hiyo. Herufi GP zilizofungamana chini ya taji ni za London. Fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji ni za Birmingham, ambayo ilipata nyumba yake ya upimaji kwa sheria ya 1813. Tangu 1904 Birmingham iligonga BV, BP na NP, kila moja chini ya taji, na hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kwa mtumiaji: inathibitisha kuwa mitutu ilipimwa kwa baruti isiyo na moshi. Namba 12 ndani ya umbo la almasi ni kipimo cha chumba cha risasi, kinachohesabiwa kwa risasi za mviringo 12 zinazotoka katika ratili moja ya madini ya risasi.

Kati ya 1875 na 1887 mitutu iliyobanwa mdomoni iligongwa maneno NOT FOR BALL, yaani isipigwe risasi nzima. Onyo hilo lilimbana mtu aliyekutana na nyati huku amejaza marisawa ya kanga. Jibu lilikuwa Paradox ya Holland & Holland, kwa hataza ya Kanali Fosbery ya 1885: mtutu laini wenye mifuo katika inchi chache za mwisho tu, unaopiga marisawa na risasi nzima vilevile. Ilipendwa sana Afrika.

Bunduki isiyo na alama ya NP, hasa yenye mitutu ya mistari-mistari iliyosokotwa kwa chuma na feleji, haifai kupigwa risasi za sasa. Hata yenye alama hiyo yaweza kuwa na vyumba vya milimita 65, na risasi ya milimita 70 huingia bila kupinga lakini hupandisha shinikizo inapofyatuliwa. Unyevu wa masika huongeza hatari, kwa kuwa kutu hula mtutu kwa ndani. Tanzania, umiliki wa silaha hizi uko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, hata kwa bunduki iliyorithiwa na isiyopigwa kwa miaka mingi.